Maneno Matatu kwenye Cheti

Jumatatu, 4 Novemba 1935

Foleni hadi uani tena. Tangu sheria mpya itoke, mji mzima unataka vyeti vya ubatizo vya wazazi na mababu, kuthibitisha kwamba ukoo wao hauna Myahudi. Na karani wa parokia ni mimi peke yangu!

Mwalimu Anselm Rühle, mpiga kinanda wetu, naye kaja. Shule inadai cheti cha marehemu mama yake. Nikafungua daftari la 1881: Rahel, miaka 22, zamani alikuwa Myahudi. Kumbe! Anselm akainama dirishani, akanong'ona niandike jina na tarehe tu, hayo mengine niyaache. Nikamjibu sijaruka neno miaka kumi na tisa. Nikanakili yote — tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Alhamisi, 14 Novemba

Anselm amefukuzwa kazi shuleni.

Jumapili, 17 Novemba

Kinanda kimya. Tumeimba ovyo ovyo. Padri kanisifu mbele ya watu: karani makini! Nilitamani sakafu inimeze.

Jana kwa mwokaji, Bi Kreszenz alikuwa anacheka. Eti pua ile aliitilia shaka siku zote. Mwongo! Wanawe wote wanne walifundishwa kusoma na Anselm, na kila Krismasi yeye Kreszenz alimpelekea Anselm keki. Nami nikafanya nini? Nikachukua mkate wangu, nikaondoka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumatano, 27 Novemba

Anselm yuko hapa. Amekonda. Anataka cheti kilekile cha mama yake, safari hii kwa ajili ya binti yake, Irma. Shule ya wauguzi imemkubali, mji wa mbali, hakuna anayewajua. Kilichobaki ni cheti cha bibi yake.

Nikangoja aniombe. Nilitaka aniombe! Akasema tu, "Andika unavyojua, Bi Karani."

Bi Karani. Tumesoma darasa moja tangu tuna miaka sita.

Naandika haya kwa penseli, shajara nimeificha nyuma ya daftari. Jina nimeshaliandika. Tarehe pia. Yeye kakaa kwenye benchi la nje, kofia magotini. Padri yuko chumba cha pili na mhuri, na siku hizi hulinganisha kila cheti na daftari. Anaita: "Gerlinde, bado tu? Kilete!"

Nimesema naja. Maneno matatu yamebaki: zamani alikuwa Myahudi. Wino unanikaukia kwenye kalamu, na Padri anasogeza kiti, anainuka —