Vidato Thelathini na Sita

Mji Mkongwe,
6 Mei 2024

Mdogo wangu Mwanamkasi,

Assalaam alaykum. Hujambo? Na shemeji Khatib, kile kiharusi kinampa nafuu? Mie sijambo, ila miguu imenivimba kama maandazi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu na masikio yako havipatani tena. Juzi nilikupigia kelele mpaka mtaa mzima ukajua nina sukari.

Unauliza kwa nini siji Chwaka. Tangu nilipomaliza eda ya marehemu mume wangu Sleiman, mwezi wa pili, sijashuka chini. Mwanangu Amjad hataki. Kila nikinyanyuka, "Mama, kaa, wewe ushachoka." Chakula naletewa, nguo nafuliwa, mboga navuta kwa kapu na kamba dirishani. Wanawake wenzangu wananionea gere kwa kupata mtoto kama huyu, nami nikawa najidai. Wiki iliyopita nikajaribu kushuka. Ngazi yetu ina vidato thelathini na sita. Cha nne tu, magoti yakakataa.

Nimekukumbuka sana. Tumenyonya ziwa moja, la mama yako, na tunakaa kisiwa kimoja, lakini hatujaonana tangu matanga ya Sleiman. Mpe jibu mwanao Mardhiya akija mjini kuuza sabuni zake.

Dada yako,
Rawiya


Chwaka,
13 Mei 2024

Dada Rawiya,

Shikamoo. Sisi tumeamka salama. Khatib anakupungia mkono wa kushoto, wa kulia bado haujarudi.

Dada, Khatib alikaa kwenye usukani miaka thelathini. Akishuka kwenye gari, anahamia kwenye kiti cha barazani. Na mie nilimpelekea mpaka maji ya kunawa, nikijiona mke mwema. Daktari alinambia presha na sukari hustawi kwa mtu asiyenyanyuka. Naumia nikikumbuka, kwa sababu nilimkalisha kwa mapenzi. Amjad asije akajuta kama mie.

Eda yako ilikwisha. Hii ya pili kakuwekea nani? Shuka kidato kimoja leo, kesho viwili. Mie siwezi kuja, kumgeuza Khatib kitandani kunataka watu wawili, mie na Mardhiya. Njoo wewe. Nina hamu ya kukaa na wewe, tucheke kabla meno hayajatuishia.

Mdogo wako,
Mwanamkasi


Mji Mkongwe,
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Habari za mgonjwa? Miguu yangu imepungua uvimbe kidogo, alhamdulillahi.

Barua yako nilimsomea Amjad. Akanuna siku mbili, kisha akanambia, "Watu watasemaje, mama anafagia na mie nipo?" Nikamwambia watu hawana magoti yangu. Sasa nafagia mwenyewe, na kila asubuhi tunashuka, yeye mbele, mie nimeshika kamba ya ngazi. Daktari wangu kafurahi. Jana nimefika kidato cha kumi na nne.

Mwambie shemeji nitamletea halua, anisubiri.

Dada yako,
Rawiya


Chwaka,
9 Septemba 2024

Dada Rawiya,

Shikamoo. Khatib katutoka, kama ulivyosikia. Amjad alikuja kuzika, Mungu ambariki.

Siku tatu za matanga nilikuwa natazama mlango. Wamekuja mpaka watu nisiowajua majina. Wewe hukuja. Sababu naijua, lakini moyo wangu hautaki kuisikia.

Sasa na mie niko ndani, nimeanza eda. Kila mtu ananambia kaa, pumzika. Sina zaidi.

Mwanamkasi


Mji Mkongwe,
21 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mwanamkasi,

Salamu kwako, na Mungu amrehemu Khatib. Sikuthubutu kuandika mapema.

Nitakwambia kweli. Mwezi wa saba nilipata mafua, nikapumzika wiki. Wiki ikawa mwezi, kukaa ni kutamu. Siku ya maziko nilifika kidato cha kumi na tisa, nikakaa hapo nikalia. Vijana wa mtaani walitaka kunibeba na kiti, nikaona haya. Nilitanguliza haya yangu, nikakuacha peke yako. Nisamehe.

Tangu siku ile nimeshuka kila asubuhi, nikiwa na mafua au sina. Vidato vingine nilishuka kwa makalio kama mtoto, na Amjad akageuza uso asinione. Leo nimekanyaga chini, uchochoroni. Muuza samaki alidhani ameona jini, maana mwaka mzima ananijua mkono na kapu tu. Nilitaka uwepo unione.

Ijumaa, inshallah, Amjad atanileta. Nimemwambia anishushe mwanzo wa kijiji, nije kwako kwa miguu. Eda imekukataza kutoka, haikukukataza kuuzunguka uwa wa nyumba yako. Tutauzunguka pamoja, mie na fimbo yangu, na utanihadithia Khatib alivyoondoka. Nitakusikiliza mpaka umalize.

Ila nikifika mlangoni, tafadhali, usinambie karibu kitako.

Dada yako,
Rawiya