Matawi Kwenye Njia ya Chemchemi

Panda, tarehe 19 Julai

Yaya Orpa, dada yangu mpendwa,

Ninakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini baridi ya Mulungwishi haijakukamata kifua tena. Sisi tu wazima, ila mama anasema tangu nimalize mtihani wa Serikali ninazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakosei.

Robine za maji hapa kambini zimekauka tangu Juni. Watu wote walikuwa wakipanda kilimani, kwenye ile chemchemi ya mawe uliyonionyesha. Nilisimama kwenye mstari toka asubuhi mpaka adhuhuri, watu wakinipita, nami unajua siwezi kumwambia mtu arudi nyuma.

Wiki mbili zilizopita njia ilikutwa imefungwa. Tawi bichi lililazwa pale inapogawanyika, na unakumbuka ulivyonifundisha: tawi njiani ni kusema usipite. Kila aliyelikuta alivunja lake, akaliweka juu, akageuka. Wengine walisema kuna nyoka, wengine kwamba maji yameharibika. Wakaanza kuchota kwenye kijito cha chini, wachimbaji wanapooshea mawe yao ya shaba.

Jirani yetu mama Germaine naye alikwenda huko. Mjukuu wake Hadassa aliharisha siku nne, akalazwa hospitali. Jana alirudi, shingo imekuwa nyembamba, lakini anakunywa uji. Niliwapelekea bidoni ya maji safi. Mama Germaine aliniuliza nimeyatoa wapi, nikamdanganya kwamba ni kanisani. Alinishika mikono yote miwili.

“Weye Stéphanie, Mungu akubariki. Minye nilitaka kupita kule juu, lakini njia wameifunga, na mwenye kuifunga iko na sababu yake.”

Yaya, niliyeifunga ni mimi. Sababu ilikuwa ule mstari tu. Nilitaka siku moja nichote bila kusukumwa. Siku moja ikazaa nyingine, na mimi napitia nyuma ya kilima, najificha kila nikisikia hatua.

Leo asubuhi nilikwenda kulitoa lile tawi. Matawi yamefika kumi na saba. Langu liko chini kabisa, limekauka, na sikuweza kulivuta bila kugusa ya wenzangu. Nikarudi.

Sasa hivi, kupitia dirisha, ninamwona mama Germaine anafunga kitambaa kichwani, bidoni iko miguuni pake. Nitamfikia kabla hajashuka kijitoni. Nitamwomba tupande wote, na nitayaondoa matawi akinitazama.

Wasalimie wenzako wa bweni. Niombee sauti ya kumwambia ukweli.

Mdogo wako,
Stéphanie