Mji Kando ya Jina

Jumatatu, 3 Machi

Leo mapendekezo yamefurika. Ndivyo inavyokuwa kila baada ya punguzo la bei — mtu akinunua gemu, anapata na mdomo. Na kazi yangu ni midomo hiyo. Duka letu liko mtandaoni, lina ukurasa ambapo mteja yeyote anaandika kitu gani kirekebishwe, wenzake wanamuunga mkono, mimi nachambua, yaliyo bora yanakwenda kwa Bosi.

Mmoja anataka kikapu kisijifute mtandao ukikatika. Ana haki. Mwingine anataka sehemu ya kutafuta imwelewe hata akikosea herufi. Mwingine, mama wa mtu bila shaka, anaomba duka lifungwe wiki ya mitihani, maana mwanawe amegeuka popo. Nilicheka mpaka Miwani, mwenzangu wa meza ya jirani anayejibu malalamiko, akanyanyua kichwa.

Moja limenipendeza. Kando ya jina la kila mchezaji uonekane mji alipo, ili ndugu waliotawanyika wapate kujuana. Limeandikwa kwa adabu, halina kosa la herufi hata moja, na wanaoliunga mkono ni wengi ajabu. Nimeliweka juu kabisa. Bosi akapiga meza. Hii ndiyo!

Nyumbani nimemkuta mdogo wangu chumba cha nyuma, pazia limefungwa kama kawaida, anamwagilia maua kwenye simu. Gemu yake ya bustani, ya dukani kwetu. Amecheka leo! Kicheko kidogo, akafunika mdomo kwa sababu ya lile jino lililovunjwa. Lakini amecheka. Tangu amkimbie mumewe na kuja kwangu sijakisikia kicheko hicho.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Fundi wetu wa programu anasema pendekezo la miji ni kazi ya nusu siku. Simu za wateja zinatuambia tayari waliko, iliyobaki ni kuonyesha tu. Kuonyesha tu! Miwani akauliza, na asiyetaka kuonekana? Bosi akasema ataizima mwenyewe, kwenye mipangilio. Itawashwa kwa wote Jumatatu.

Niliandika tarehe daftarini. Hapo ndipo nikamkumbuka mdogo wangu na maua yake.

Jioni nikamuuliza kama akaunti anayochezea ni mpya. La, ni ileile. Angeanzaje upya, na maua ya miaka yote yamo humo?

"Lakini nimemfuta, dada. Hayumo tena kwenye marafiki zangu."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyebadilisha kitasa cha mlango. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mji utaonwa na kila mtu, rafiki na asiye rafiki. Nitamwambia. Kwanza nijue ninachokisema. Shemeji hajui nilihamia mji gani nilipopata kazi hii. Wakati ule alikuwa ameshampiga mkewe marufuku hata kunipigia simu. Hiyo ndiyo kinga yetu yote — kutojua kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelifungua tena lile pendekezo. Sijui kwa nini. Safari hii nikasoma mpaka chini, yale maneno ya kujieleza ambayo huwa nayaruka. "Mimi ni mtu wa amani, sina makuu."

Nikairudia sentensi hiyo.

Shemeji husema hivyo. Neno kwa neno. Alisema sebuleni kwa Mama, huku mdogo wangu amekaa kando yake, mtandio umeshushwa mpaka jichoni. Mtu wa amani, hana makuu, ni mke tu aliyejigonga kabatini.

Nikajituliza. Watu wa amani ni wengi duniani. Nikatafuta mengine yaliyoandikwa na mtu huyohuyo. Yapo! Duka lionyeshe mtu alicheza mara ya mwisho lini. Aliyefutwa urafiki aambiwe sababu. Aliyefutwa aruhusiwe kutuma zawadi hata hivyo. Na mwisho wake: mke wake hupenda gemu ya bustani, amepotea, familia ina wasiwasi.

Yote nimewahi kuyasoma mimi mwenyewe. Nikayatupa kwenye fungu la maoni ya kawaida, nikaenda kunywa chai. Mtu anajenga ngazi ya kuja kwetu, nami ndiye ninayempa mbao.

Nimerudi nyumbani nikiangalia nyuma. Muuza vocha amenisalimia, nikaruka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Miwani. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akasema twende kwa Bosi sasa hivi.

Bosi si mtu mbaya. Alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Halafu akasema ugomvi wa mume na mke si kazi ya duka, maelfu wameunga mkono, na tangazo limeshatoka. Halafu akashusha sauti. Nilikuwa natafuta nini kwenye maandishi ya mteja mmoja mpaka nikaijua familia yake? Hilo nalo lina kanuni zake, nadhani nazijua.

Nilizijua. Nikasema asante. Asante ya nini, mimi?

Nyumbani nimechomoa waya wa intaneti, nikadai imekatika.

"Imekatika au umeikata?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Nilipokuwa naosha vyombo ndipo nikakumbuka kwamba simu yake ina bando lake. Hofu inapofusha akili kwanza, macho baadaye.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amepiga simu. Sauti yake tamu mno, nikajua kuna jambo.

Shemeji alimtembelea jana. Amemletea sukari na dawa ya miguu. Amekonda, maskini, mashavu yameingia ndani. Alilia hata. Hataki ugomvi, anataka kujua tu kama mkewe ni mzima.

"Ukamwambia nini, Mama?"

"Sikumwambia kitu! Nimwambie nini mimi? Nilimwambia tu mko salama, asiwe na shaka."

"Mko?"

Akaanza kukohoa.

"Mama. Ulisema yuko, au ulisema mko?"

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu," akasema. Akaanza kulia.

Mko. Kaneno kadogo hivyo! Sasa anajua tuko pamoja. Kilichobaki kwake ni mji tu, na mji duka letu litampa Jumatatu, bure, pamoja na shukrani.

Sikuweza kuficha tena. Nimemwambia mdogo wangu kila kitu. Alisikiliza kitandani, viganja amevikalia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Hakulia.

"Liliandikwa vizuri?"

Nini?

"Hilo pendekezo, dada. Aliliandika vizuri?"

Nikasema ndiyo, vizuri sana.

"Huyo kwa kuandika humwezi. Ungesoma barua zake za kuniomba msamaha, ungeolewa naye wewe."

Tukacheka. Sote wawili, mpaka machozi, tumeshikana. Halafu tukanyamaza kwa pamoja, maana ngazi za nje zilikuwa zinalia. Alikuwa mpangaji wa juu na mtungi wake wa gesi.

Ameifuta gemu mbele yangu. Nilidhani ataniomba amwagilie mara ya mwisho. Hakuniomba.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwahi Fundi kabla Bosi hajafika. Kuifuta gemu kwenye simu hakufuti akaunti, jina lake bado limo dukani. Nikamsihi auzime mji wa akaunti hiyo kimyakimya, kabla hajawasha kwa wote. Hakuniuliza swali hata moja. Akaandika jina, akangoja, akajikuna shingo.

"Huyu ameshawashiwa."

Ameshawashiwa na nani?

Waliwasha kwa wachache, kujaribu. Tangu Alhamisi. Kompyuta iliwachagua kwa bahati nasibu. Bahati! Na ukurasa wa mdogo wangu umefunguliwa tena na tena, na mtu mmoja. Fundi akageuza kioo nilione jina la huyo mtu. Sikuhitaji kuliona.

Amezima. Akaniambia pole. Neno lilelile la Bosi, ila la Fundi liliniliza.

Ana mji wetu tangu Alhamisi. Alipokuwa analia kwa Mama alikuwa nao mfukoni! Hakwenda kuuliza tuko wapi. Alikwenda kuhakikisha kama tuko pamoja.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi polisi, mimi na mdogo wangu. Afande alitusikiliza vizuri, hata viti alitupa. Akauliza, amekuja? Bado. Amekutishia? Tukatazamana. Ameandika pendekezo dukani, nikasema. Akaweka kalamu chini.

"Akija, njooni."

Akija, tutakuja kwa miguu ya nani?

Ofisini mapendekezo yanamiminika, lakini safari hii si ya vikapu. Zimeni. Tafadhali zimeni. Binti mmoja anasema mwalimu wake wa zamani amemwandikia: "Kumbe tuko mji mmoja, karibu nyumbani." Mmoja amehama kwa ajili ya kazi na hakuwa amemwambia mtu. Mwingine ameandika neno moja tu: naogopa. Miwani anachapa yote, anapeleka kwa Bosi karatasi baada ya karatasi, anaziweka mezani, anarudi.

Na katikati ya yote hayo, yeye. Adabu ileile. Anashukuru duka kwa kuwasikiliza wateja. Ana ombi dogo la nyongeza: mji ni mkubwa, ingefaa mtaa nao uonekane.

Nilisoma nimesimama. Nikavuta kiti, nikakaa. Ndipo nikaona — kando ya jina lake pia kuna mji. Ule wa nyumbani kwetu, aliko Mama. Kumbe nasi tunamwona! Yuko kwao. Kutoka huko kuja huku ni basi la usiku kucha. Kutwa nzima nimekuwa nafungua ukurasa wake, nafunga, nafungua. Yuko kwao. Bado yuko kwao. Mwizi wangu nimemfunga kengele.

Miwani ana shangazi upande mwingine kabisa wa nchi. Nyumba ina geti na mbwa wawili wakali, na shangazi mwenyewe, anasema Miwani, ni mkali kuliko mbwa. Amekubali bila maswali. Mdogo wangu ataondoka kesho.

Jumatano, 12 Machi

Naandika ofisini, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mikono ikikaa bure nitapiga kelele.

Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Nikikosekana kazini leo Bosi atapata sababu. "Nina miguu, dada." Amejitanda mtandio wangu wa kijivu, kabeba mfuko mmoja. Nikamwambia awahi stendi mapema, akae ndani, asizurure nje. Tuliagana haraka, kama watu watakaoonana jioni.

Nimefika, nimewasha kompyuta, nimefungua ukurasa wa shemeji.

Mji umebadilika.

Nimesoma tena. Mji wetu! Ni mji wetu.

Basi la usiku. Na mabasi yote, yanayoingia na yanayotoka, yana stendi moja. Na ni mimi niliyemwambia awahi, akae ndani.

Nimempigia. Inaita, hapokei. Labda yuko kwenye foleni ya tiketi. Labda makelele. Nimepiga tena. Inaita.

Sasa watu wanapiga makofi. Makofi! Bosi ametoka chumbani kwake na karatasi za Miwani mkononi, macho mekundu, anasema ameelewa, amekosea, izimwe sasa hivi kwa wote. Fundi amebonyeza. Miji yote imefutika kando ya majina.

Na wa kwake pia. Nilikuwa nautazama. Ulikuwapo, kisha pakawa na nafasi nyeupe.

Bosi amenishika bega. Umeshinda, dada. Niwaandikie wateja taarifa fupi, kwamba tumewasikia. Sasa yuko wapi? Nimemuuliza hivyo, kwa sauti, mbele ya wote. Bosi, sasa yuko wapi? Hakunielewa.

Miwani amenielewa. Ameshachukua funguo za gari.

Garini. Mwandiko unaruka. Foleni haisogei, Miwani anapiga honi kama mwendawazimu. Nami napiga simu. Inaita mpaka inakata, napiga tena. Inaita mpaka inakata. Napiga. Pokea, mdogo wangu. Pokea!

Meseji imeingia. Ni yake.

"Dada usipige. Niko nyuma ya mizigo. Yuko hapa. Kila simu ikilia anageuka."