Mkate kwa Lugha Tatu

Mpwa wangu Neema,

Hapa Gashonga tuko salama, na mama yako anakusalimia sana. Ameniambia kwamba huko Poland unakula peke yako chumbani kwa aibu ya lugha, wakati wenzako Waukraine na Waserbia wanacheka jikoni.

Sikia. Nilipokuwa kijana wa kuinua lori kwa bega, uliza batu ba Bweyeye, niliwapikia mafundi watatu wa barabara: Mpolandi, Muukraine na Mserbia. Kabla ya kula, kila mmoja aliutaja mkate kwa lugha ya kwao: "Chleb." "Khlib." "Hleb." Nikadhani wanasali. Nikavua kofia, nikasema, "Amina."

Mserbia akacheka. "Kijana, hapa si kanisa. Kwenu munaitaje?"

"Mukate."

Akanivutia kiti. Wakaendelea hadi maneno ya mtaani: penye "poa" yetu, Mpolandi ana "spoko," Mserbia ana "važi." Watu wa ajabu wale. Neno likifanana, walifurahi kama wamepokea mgeni kutoka nyumbani. Baada ya mwezi nilizisema lugha zao kuwashinda wenyewe.

Leo chukua sahani yako, ingia jikoni, uwaulize chumvi wanaitaje.

Mjomba wako