Kioo Kikilowa

Jumanne, 8 Aprili 2025

Leo tumeonyeshwa jengo. Ghorofa tisa, mbele yote kioo, nyuma kidogo ya Mnara wa Saa. Mvua tangu alfajiri. Kampuni nne tumejibanza kibarazani, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembeni. Hiral – ndiye meneja, binti wa mwenye jengo – akatuzungusha na mwavuli wake, akauliza kama kuna swali. Kimya. Nani aulize? Siku ya kuonyeshwa jengo ukiuliza umewafundisha wenzio kazi bure. Ndivyo tulivyo.

Vioo vinang'aa. Lakini vimelowa! Na mimi kila ninayemwajiri namwambia siku ya kwanza: kioo kikilowa hakisemi kitu, kifute, kikauke, ndipo ukitazame. Madoa ya chumvi hujificha kwenye maji. Kitambaa kilikuwa mkobani. Nikakishika kabisa. Nikainua macho, Godbless huyo ananitazama – yule aliyeninyang'anya ile hoteli ya Njiro. Nikifuta, naye atafuta. Nikautoa mkono mtupu, nikajifanya natafuta simu.

Kesho nitarudi peke yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mvua tu! Mlima Meru wenyewe hatujauona wiki nzima. Nimepita pale jana, nimepita leo, jengo linatiririka vilevile. Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kupeleka bei.

Lerionka amekuja. Yeye ndiye mpandaji wangu, anayening'inia kwenye kamba na kufuta. Tulianza naye na ndoo mbili na ngazi ya kuazima. Akasema: weka bei ya madoa hata kama hujayaona, Mama Anande, maji ya visima vya huku unayajua. Nayajua! Nimezaliwa Maji ya Chai, meno yangu ya kahawia yanajieleza. Lakini nikiweka bei ya madoa na Godbless asiweke, nimeikosa. Tangu Januari hatujapata kazi ya maana. Nikiikosa na hii, nitawatazamaje watu wangu, Lerionka na Mzee Elihuruma?

Nimeweka bei ya kuosha tu. Milioni tisa. Mungu nisimamie.

Jumatano, 23 Aprili

Tumepata! Hiral amepiga mwenyewe. Hongera mama, bei yako nzuri mno. Nimeruka pale jikoni mpaka mwanangu Anande akauliza nimeumwa na nini. Na jua limetoka!

Alhamisi, 24 Aprili

Sitaki kuandika.

Jengo limekauka. Limekuwa jeupe. Utadhani mtu kapiga chokaa kuanzia juu kabisa. Ndeshi mimi, jamani, nimejipalia makaa! Kila kioo kinataka asidi, kisuguliwe kwa mkono, kisuuzwe kwa maji ya kununua, halafu urudie. Kazi ya wiki moja imekuwa ya mwezi mzima. Kwa bei ileile.

Nimekutana na Godbless duka la vifaa vya usafi. Yeye aliweka kumi na saba. Dada, akaniambia, yale madoa nilishayaona mwezi wa pili, jua kali, nikipita zangu tu. Kisha akasema pole, na akamaanisha. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Hiral kusema ukweli. Nimekosea, kioo kilikuwa kimelowa, naomba tutazame bei upya. Akanisikiliza vizuri, akaniagizia chai ya maziwa. Nimekuelewa mama, akasema, lakini si niliuliza kama kuna swali?

Aliuliza. Ni kweli aliuliza!

Nikijitoa, baba yake hatanipa tena hata choo cha kuosha. Na wenye majengo mji huu wanajuana wote. Nimemaliza chai yangu, nimeaga, nimetoka.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekata kila kinachokatika. Asidi haikatiki. Maji hayakatiki. Kimebaki mtu.

Mzee Elihuruma ni mlinzi wa kamba. Anakaa juu ya paa kutwa, anatazama pale kamba inapopinda ukingoni, anasogeza gunia isilike. Ukimwona utasema amekuja kupunga upepo. Leo nilianza na shikamoo. Marahaba mwanangu, akasema, sema tu. Nikasema. Hakulalamika. Akauliza jambo moja: juu atakaa nani?

Mimi.

Wewe unayeogopa ngazi ya kubadilishia balbu?

Halafu akalichukua gunia, akanionyesha linavyokunjwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Akasema usiondoke pale, hata haja ikikubana. Akavaa kofia yake akaenda. Mtu ninayemwamkia shikamoo, nimemfukuza kazi na bado ananifundisha! Nimelia. Sina aibu, nimelia.

Jumanne, 6 Mei

Paa. Siku ya pili. Jana nilitapika, leo sijatapika, ndiyo maendeleo hayo. Natembea kwa magoti mpaka ukingoni. Wameweka vigae vipya pale, makali yake yanakata kidole, sembuse kamba. Nimekaa na gunia langu. Lerionka anaimba huko chini, nyimbo zao za kuchunga ng'ombe, hakomi. Namshukuru Mungu kwa sauti ile mbaya. Simwoni, lakini akiimba najua yupo.

Nalepo, mkewe, amenipigia. Eti mzee hayupo, nani yuko na Baba Naserian? Nikasema mimi mwenyewe, niko hapahapa. Basi nimetulia, akasema.

Jioni nimepiga hesabu tena. Haibadiliki. Hata tukimaliza salama, nitakuwa nimefanya kazi mwezi mzima ili nipate hasara.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika juu ya paa. Nisipoandika nitapiga kelele.

Upande wa kushoto umemalizika. Kioo kimekuwa kioo! Ukiwa chini, Meru wote unaonekana mle ndani, mpaka lile wingu lake. Hiral amepiga. Baba yake amefika, ameona, amefurahi. Ana majengo mengine matatu, anataka kunipa bila kushindanisha na mtu. Kwa bei hiihii.

Nimesema asante sana. Mimi! Asante sana mama, Mungu awabariki! Mdomo huu ukatwe. Kwa bei hii hakuna Mzee Elihuruma atakayerudi. Kwa bei hii nitakaa juu ya mapaa mpaka nizeeke. Na nikikataa, mwezi ujao tunakula nini? Anande, Lerionka, Nalepo na wanawe?

Anasema nishuke sasa hivi nikasaini. Baba ana dakika kumi tu, gari la uwanja wa ndege linamsubiri. Nikasema siwezi, nina mtu kwenye kamba. Akashangaa kweli, hakuwa na ubaya wowote: kwani mama, huna mtu wa kukushikia?

Nikakata simu.

Upepo umeanza kuteremka kutoka mlimani. Gunia limesogea, nimelirudisha. Nimemwita Lerionka apande, hasikii, anaimba. Simu yake iko hapa kwenye ndoo, kama kawaida yake. Gunia limesogea tena. Nimelikalia.

Hiral anapiga.

Ghorofa tisa, lifti ipo. Kushuka, kusaini, kupanda. Hata dakika tano hazifiki. Nimeliwekea gunia tofali. Naona limeshika. Limeshika kabisa. Nitasaini tu, bei tutaongea baadaye, watu huongea – nani huongea, Ndeshi? Uliongea juzi ukapewa chai.

Nimesimama. Siku zote hizi sijasimama wima huku juu, leo nimesimama. Niko mlangoni kwenye ngazi, daftari mkononi. Gunia naliona kutoka hapa. Karibu naliona.

Simu tena.

Lerionka ameacha kuimba.