Mama Aligawanya RAM

Migosi, Kisumu
11 Januari 2026

Adongo,

Pokea salamu. Natumai wewe na mume wako hamjambo, na duka lenu la dawa huko Mbita bado linawauzia wazima dawa za kikohozi. Mimi ni mzima, asante kwa kutouliza. Naandika kwa karatasi kwa sababu ulinifungia simu tangu harusi yako, na dereva wa basi amekubali kuwa posta yetu.

Haja yangu ni fupi. Nimeacha kazi kwa Byron. Miaka yote hiyo nimemhariria video za matanga, na siku ya kuondoka akaniambia mbele ya wateja, "Kabla ya Pasaka utarudi hapa umepiga magoti." Sasa najiundia kompyuta yangu mwenyewe hapa nyumbani. Kanisa nalo limenipa kazi ya majaribio: filamu ya kusimikwa kwa askofu, kamera tatu, iwe tayari kabla ya hiyo hiyo Pasaka.

Nilimwomba kaka yetu Ondiek aninunulie RAM huko Doha. Kwako kompyuta ni mahali pa kutandika vitambaa vya kufuma, kwa hivyo nikueleze. RAM ni kama meza ya jikoni. Ikiwa ndogo, unakata sukuma wiki, unaondoa, ndipo unakata nyanya. Nilichagua vipande viwili vilivyopimwa pamoja kiwandani na kuuzwa pamoja, kwa sababu kompyuta huvitumia vyote kwa wakati mmoja na kazi inaenda mbio. Ondiek akatuma pakiti kwa mama, Kisian. Mama akaona vitu viwili vinavyofanana, akachukua makasi. Nilipolalamika akanijibu, "Nyathina, mwanangu, mapacha hapewi mmoja mwingine akaachwa. Hiyo ni kutafuta ugonjwa." Kimoja kikaja kwangu, kimoja kikaenda kwako wewe.

Kitume na basi la Jumatano. Kifunge vizuri, na usikishike kwa mikono yenye samaki.

Aliyekutangulia duniani,
dada yako Apiyo


Mbita
18 Januari 2026

Kwa Apiyo,

Salamu zimefika pamoja na matusi yake. Sisi tu wazima. Ziwa limejaa gugu, mvua hakuna, na Oluoch mume wangu anakusalimu kwa sababu yeye hajui kuchukia watu.

Kipande nilikipokea kwa mama na ninakipenda. Nimekiweka kabatini kati ya vikombe vya wageni. Unasema sijui kazi yake, na ni kweli. Lakini kazi ya video ya harusi naijua, na yangu sijaiona, huu mwaka wa pili. Ulikuja na kamera, ukanywa soda yangu, ukaenda zako. Watu wa Oluoch wakiuliza nasema pacha wangu ana shughuli nyingi. Ni fundi gani huyu ambaye anamaliza wafu wa watu wote, na harusi ya ndugu yake imelala?

Halafu sikuelewi. Unajijua huwezi kugawana na mtu, mbona ukachagua vitu vya kwenda viwili viwili? Ungetafuta kimoja kikubwa kinachofanana na roho yako.

Nitakupa nikishaiona harusi yangu. Yangu kwanza, askofu baadaye.

Aliyebaki nyuma akalelewa vizuri,
mdogo wako Adongo


Migosi
8 Februari 2026

Adongo,

Hujambo na jua hilo? Mimi kichwa tu kinanigonga, na chanzo ni wewe.

Harusi sitoi kwa vitisho. Hata hivyo nimeiangalia tena. Oluoch anaingia kanisani kama mtu aliyeambiwa choo kiko mbele. Filamu ya namna hiyo haiokolewi kwa kompyuta nusu, na nusu ya kompyuta yangu inakaa na vikombe vyako.

Nimejaribu kutafuta kipande kingine. Karibu na soko la Kibuye kuna muuzaji wa kompyuta za mtumba anaitwa Cliff, mwenye tai ndefu na akili fupi. Aliniletea RAM ya kizazi cha zamani. Nikamwonyesha kwamba pengo lake haliko mahali penye pengo la kompyuta yangu. "Madam, hii ni RAM kama RAM zingine," akasema, "itaingia tu, sukuma." Akaanza kusukuma mwenyewe, nikamchapa mkono kama mtoto anayefunua sufuria. Mwishoni akapata ya kizazi sawa lakini ya kasi nyingine, na bei yake ya kuumiza, maana siku hizi matajiri wa akili bandia wananunua RAM za dunia nzima. Nikainunua. Kompyuta ikawaka, ikakaa kidogo, ikaganda askofu akiwa amepiga goti. Nikamrudishia Cliff kitu chake. Alinipa nusu ya pesa na mahubiri mazima.

Kwa hivyo nina kipande kimoja. Nikiweka kamera mbili inavumilia, nikiweka ya tatu inakufa. Pasaka hainingojei, na Byron amemtuma mtu aniulize kama akifute vumbi kile kiti changu. Kwa huyo mtu sirudi, Adongo, afadhali niuze omena sokoni.

Kitume.

Dada yako mkubwa,
Apiyo


Mbita
22 Februari 2026

Apiyo,

Tumeamka salama. Mama alikuwa hapa wiki hii, mguu wake umepata nafuu. Nilimwambia alikosea kuikata ile pakiti. Akasema yeye hakukosea, tumekosea sisi.

Sikutumii. Na nikwambie wazi, maana unadhani ninalilia video. Nilishona magauni mawili ya kitambaa kimoja. Tulikuja duniani pamoja, nikataka tusimame pamoja. Wewe ukaja na jinzi na jaketi ya studio ya Byron, ukasema hakukupa ruhusa, amekupa kazi. Gauni lako lilikaa kwenye kiti siku nzima, watu wakilipita kwa heshima kama la marehemu. Ulimwacha pacha wako peke yake kwa ajili ya Byron, na leo ati unamdharau Byron. Nakucheka mpaka mbavu zinauma, na sioni raha yoyote.

Sijui tena nijiite nani wako,
Adongo


Migosi
29 Machi 2026

Adongo,

Natumai uko salama, na mama, na huyo asiyejua kuchukia watu. Nimechelewa kuandika kwa sababu majibu yasiyo na kiburi sina mazoea nayo.

Kwenye bahasha kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kipande changu cha RAM. Niliuza kamera yangu ya pili, nikanunua kimoja kikubwa kisicho na mwenzake. Hakina mbio kama vile viwili vingekuwa nazo, lakini hakigandi. Basi vyako vyote viwili, viweke kabatini viangaliane. Mimi nusu ya kitu sikai nayo.

Cha pili ni flashi yenye harusi yako. Usidhani ni upendo. Nilihitaji kazi nzito ya kujaribia RAM kabla ya kumgusa askofu, na zile nywele walizokuwekea siku hiyo zingeshinda kompyuta yoyote. Askofu alifuata, nikampeleka kanisani Ijumaa. Wamenipa na kipaimara cha Juni. Byron akikalie kiti chake mwenyewe.

Kuhusu gauni ningesema kitu, lakini karatasi imekwisha.

Dada yako,
Apiyo


Mbita
7 Aprili 2026

Nyaminwa Apiyo, binti wa mama yetu,

Pasaka tumeila salama, samaki mmoja na wageni kumi. Mama anakusalimu, mguu umepona kabisa.

Flashi tumeitazama, mimi na Oluoch na mama. Oluoch kweli anatafuta choo. Yale maandishi ya dhahabu ya mwanzoni ni ya kishamba, nashangaa kanisa lilikulipa.

Nilikaa nikingoja uonekane. Harusi nzima, Apiyo, na huonekani hata mara moja, ni kivuli chako tu kwenye keki. Nikaanza kukutukana, mama ni shahidi. Ndipo ikafika pale shangazi yake Oluoch ananisogelea na kuniuliza mbele ya watu, "Na pacha wako ako wapi?" Mimi naangalia chini. Siku ile sikusikia mtu akijibu, muziki ulikuwa juu. Kumbe wewe ulijibu, na kamera ikakushika kwa kuwa mdomo wako ulikuwa karibu nayo: "Niko hapa. Niko hapa, endeleeni." Na picha inatikisika. Fundi mzima, picha inatikisika.

Ungeweza kuikata sehemu ile. Ulikuwa na siku nyingi za kuikata.

RAM zako ziko hapa zote mbili, na kwa basi siziweki. Zifuate mwenyewe, na siku ukija usibebe kamera.

Ile sauti nimeirudia mara nyingi kuliko kiapo cha Oluoch. Usimwambie.

Pacha wako,
Adongo