Nimelinyoosha Jicho la Riziki

Mama,

Nimekukatalia. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mwingine. Mjukuu wako Riziki amepasuliwa jicho, na mimi baba yake ndiye niliyekubali.

Sijasahau ulichoniambia pale Songo, mtaani kwetu Uvira, ukiwa kitandani, umenishika mkono: "Weye, kisu kisiguse jicho ya mutoto. Mungu hakosei." Nilinyamaza. Kunyamaza si kuapa, Mama.

Ulikufa kabla ya vita, hukuona. Waasi walipoingia Uvira walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na mwiko wao mmoja ulikuwa kutazama kando. Basi mtoto wa makengeza, jicho moja linakutazama, jingine limegeukia puani, wakasema anaharibu dawa. Akipigwa mtu risasi, kosa ni la Riziki. Shangazi yake Nabintu alimficha kwenye matete ya ziwa, akatoroka naye kwa mtumbwi, kisha treni, mpaka huku Katanga ninakochimba shaba. Mungu hakosei, sawa. Watu je?

Munganga wa hospitali hakung'oa jicho, kama ulivyoogopa. Alinionyesha kwa vidole: kuna vinyama vinavyolivuta jicho huku na huku, na kimoja kilivuta mno. Alikikata pale kiliposhikia jicho, akakishona nyuma kidogo ili kilegee. Nilikaa nje na matope ya mgodini miguuni, sauti yako masikioni. Sikuondoka.

Baadaye wakafunika jicho lake lililo zima, ili lile lililozoea uvivu lifanye kazi. Shangazi akaona infirmiye, muuguzi wa pale, amekosea, akakihamishia kitambaa kwenye jicho lililoshonwa. Infirmiye aliporudi akauliza nani munganga humu. Shangazi hata hakusimama. "Minye nimelea watoto tisa. Kidonda ndicho hufungwa." Nilicheka, Mama. Sikuwa nimecheka tangu tukuzike.

Jana kitambaa kilitoka. Riziki alinitazama kwa macho yote mawili, muda mrefu, kisha akasema nimezeeka.

Nimechoka, mgongo umeisha, lakini hili sijutii. Kama umekasirika huko, nikasirikie mimi, mtoto mwache. Njia ya Uvira ikifunguka nitamleta kaburini kwako. Atapalilia majani, atakusalimu, na mimi nitasimama nyuma yake. Msamaha sitaomba.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao